Chumba cha Kupangisha na Kalenda ya Korosho

Kila mwaka, siku chache baada ya minada ya mwanzo ya korosho, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Nachingwea mjini hujaa watu wenye vumbi la safari. Wametoka Kiegei, Kilimarondo, Mbondo na vijiji vingine vya upande huo. Fedha zimeshaingia kwenye akaunti zao kupitia chama chao cha msingi cha ushirika, AMCOS, na wengi wanaulizia kitu kimoja: bati. Ukimuuliza mmoja wao anapaua nini, usishangae akikujibu kwamba nyumba yake ya kuishi ilishakwisha, sasa anamalizia ya wapangaji.

Namwelewa. Mkorosho unataka kupaliliwa, unataka salfa, na ukichelewa kidogo tu ubwiriunga unapita na maua yote. Nyumba haipuliziwi salfa. Ukishaipaua inakaa pale pale, na kila mwezi mtu anakuletea fedha mkononi. Ndivyo tunavyojiambia. Kumbe nyumba ya kupangisha nayo ina msimu wake na wadudu wake, na aliyeijenga kwa fedha ya mkopo bila kuujua msimu huo hujikuta anauza korosho ili ailipie nyumba, wakati alijenga ili nyumba impumzishe na korosho.

Kwa hiyo swali la kwanza si mkopo utaupata wapi. Ni nani atalala kwenye chumba hicho, na fedha zinamfikia mwezi gani.

Mahali kama Kiegei wenyeji hawapangi. Kijana akioa hujenga, hata kama ni kwa tofali mbichi na nyasi. Wanaopanga ni wageni: mwalimu aliyepangiwa shule, muuguzi wa zahanati, afisa ugani, mtendaji, fundi aliyefuata kazi, na mnunuzi wa mazao anayekuja na mizani yake na kuondoka nayo. Hawa wa mshahara wanalipa kila mwezi, ila ni wachache na unaweza kuwahesabu kwa vidole. Wa mazao ni wengi, ila wanakuja kwa mafungu: ufuta katikati ya mwaka, mbaazi baada yake, kisha korosho kuanzia Oktoba. Kuanzia Januari hadi mvua zinapokatika, mifuko ya kijiji kizima ni mitupu, na mwenye genge anayepanga chumba chako cha mbele naye hana kitu.

Kabla hujachimba msingi, tenga siku mbili uzunguke kijiji kwa miguu. Hesabu watumishi wote wanaopanga. Hesabu vyumba vyote vya kupangisha, pamoja na vilivyofungwa kwa kufuli na kuota majani mlangoni. Halafu nenda kwa mtendaji na kwa mwalimu mkuu ukaulize kama kuna mpango wa kujenga nyumba za watumishi. Hilo la mwisho watu hulisahau. Umejenga vyumba vitatu ukiwalenga walimu, mwaka unaofuata shule inapata nyumba ya walimu yenye tangi la maji, na wapangaji wako wote watatu wanahamia huko kwa siku moja. Hakuna aliyekukosea. Mpango ulikuwa umesomwa kwenye mkutano wa kijiji, wewe ukiwa shambani.

Wilaya zetu hizi za kusini zina historia ndefu ya wapangaji wakubwa wanaoondoka. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake vikuu. Mji ukapimwa, bandari ya maji marefu ikajengwa Mtwara na reli ikaletwa hadi huku ndani. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Baadaye wakaja wapigania uhuru wa FRELIMO, wakaifanya Nachingwea kambi yao kuu ya mafunzo, na Msumbiji ilipopata uhuru mwezi Juni 1975 wakarudi kwao, jambo ambalo ndilo hasa tulilokuwa tukiwaombea. Siku hizi habari iliyopo ni ya madini ya kinywe ya Ruangwa, nikeli ya Ntaka Hill hapa Nachingwea, na ule mtambo wa gesi asilia unaosubiriwa Likong'o, Lindi. Wako waliokwisha kujenga vyumba kwa kuzifuata habari hizo. Mtwara iliwahi kuonja jambo hili: wakati wa joto la gesi watu walijenga nyumba za wageni mfululizo, bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, na wajenzi wake wakaenda zao.

Sisemi usiwapangishe watu wa migodi. Wapangishe wakija, na uwatoze bei nzuri. Ila usijenge kwa ajili yao kabla hawajafika. Chumba kinachojengwa leo kilingane na mpangaji aliyepo leo. Mgodi ukianza kuchimba kweli, mwaka wa kuongeza vyumba utakuwepo.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tarakimu hizi ni zangu za kukokotolea tu, wewe weka za kwako. Tuseme umejenga vyumba vinne vya tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, choo cha nje, na vimekugharimu shilingi milioni 10. Kila kimoja unakipangisha kwa 25,000 kwa mwezi. Kwa mwezi ni 100,000, kwa mwaka 1,200,000. Hapo ndipo wengi wanapofunga daftari. Lifungue tena. Kila chumba kikikaa miezi miwili mitupu, na ni kawaida kabisa kwa msimu wetu, umepoteza 200,000. Rangi, kitasa, mchwa waliopanda kwenye fremu, bati lililong'oka na upepo: weka 150,000. Mkononi zimebaki 850,000. Ili hizo milioni 10 zirudi zote itakuchukua karibu miaka 12.

Ni biashara mbaya? Hapana. Nyumba inabaki, na watoto wataikuta. Ila ni biashara ya polepole, na fedha inayoingia humo nayo inapaswa kuwa ya polepole. Balaa linaanza unapochukua fedha yenye haraka ukaiweka kwenye kitu kisicho na haraka.

Tuseme milioni 5 kati ya zile 10 ni za kukopa. Benki ikikupa kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye deni lililobaki, kwa miaka mitano, marejesho yatakuwa kama 121,600 kila mwezi. Vyumba vyote vinne vikijaa bila kukosa hata siku moja, vinakupa 100,000. Kwa hiyo hata kwa riba hiyo, ambayo kwa mkopaji mdogo ni ya kushukuru, nyumba haijilipii. Wewe ndiye unailipia kwa fedha ya mahali pengine. Ukienda kwa mkopeshaji mdogo mwenye leseni, Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye milioni 5 riba pekee ya mwezi wa kwanza ni 175,000. Deni lenyewe hujaligusa. Na wale wasio na leseni, ambao mitaani tunaiita mikopo yao kausha damu, sina haja ya kuwapigia hesabu. Jina lao limeshaipiga.

Ukienda kukopa uliza swali moja na usiondoke bila jibu: riba inapigwa kwenye mkopo wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, au inapungua kadiri deni linavyopungua? Mkopo wa milioni 1 wa miezi 12 kwa asilimia 3.5 ya kila mwezi, ukipigwa kwa njia ya kwanza, riba yake ni 420,000. Kwa njia ya pili ni kama 242,000. Asilimia ni ile ile, karatasi inafanana, tofauti inatosha kununua mifuko ya saruji ya sakafu. Omba ratiba ya marejesho iliyoandikwa, ijumlishe mwenyewe kwa simu yako, halafu ndipo uchukue kalamu.

Kuna mkopo mmoja ambao huku kwetu hatuuiti mkopo, nao ndio unaokula nyumba nyingi kuliko benki zote. Ni kangomba. Boma limesimama, mvua inakaribia, fundi anasema kuta zitaharibika zisipofunikwa, na msimu bado miezi mitatu. Anakuja mtu na fedha taslimu, ananunua korosho zako zikiwa bado maua. Anakupa, tuseme, 1,500 kwa kilo ambayo mnadani ingekuja kuuzwa 3,000. Umepata bati. Lakini umekopa 1,500 na kurudisha 3,000 ndani ya miezi mitatu, yaani riba ya asilimia 100 kwa robo ya mwaka. Hakuna benki inayothubutu. Na pengine unayoiweka rehani ni mikorosho yenyewe, kwa misimu miwili mitatu, na ukija kuikuta haijapaliliwa wala kupigwa dawa unaanza upya. Mbali na kwamba ni kinyume cha sheria, kangomba inakupokonya fedha ya kujengea chumba cha pili ili upaue cha kwanza. Boma lisilopauliwa linaweza kufunikwa juu ya kuta kwa nyasi na maturubai msimu mmoja. Halipendezi, majirani watacheka, lakini litakungoja.

Kwani nani alituambia kujenga kidogo kidogo ni ushamba? Nchi hii haijawahi kuwa na mazoea ya mikopo ya nyumba kwa mtu mdogo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Benki ya Nyumba iliyoanzishwa miaka hiyo ya 1970 ilikufa mwaka 1995. Mikopo ya nyumba ya benki imerudi, na tangu 2010 kuna taasisi ya TMRC inayoyapa mabenki fedha za kukopesha kwa muda mrefu, lakini mikopo hiyo inataka hati miliki na kipato kinachoonekana, vitu ambavyo nyumba ya Kiegei kwa kawaida haina. Mkulima anayenunua mifuko kumi ya saruji Novemba hii na mabati ishirini Novemba ijayo anafuata kalenda ya fedha zake. Anachokosea mara nyingi ni mpangilio tu: anainua kuta za vyumba sita kwa mpigo, anabaki na magofu sita, wakati angemaliza viwili, akavipangisha, na kodi yake ikanunua milango ya vile vingine.

Mwalimu au muuguzi anayejenga kwa mkopo wa mshahara yuko kwenye hali tofauti, na kwa maoni yangu ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi, kwa sababu marejesho yanakatwa kwenye mshahara na hayamsubiri mpangaji. Aangalie mambo mawili. Makato yasimwache na chini ya theluthi moja ya mshahara, maana ndiyo kanuni, na maisha yenyewe yanadai hivyo. La pili ni uhamisho. Barua ikija ya kumpeleka Kilwa au Mbeya, nyumba haipandi basi. Amtafute mapema mtu wa kuisimamia na amlipe sehemu ya kodi kwa makubaliano yaliyoandikwa. Shemeji anayesimamia bure huwa anajilipa mwenyewe.

Kwa asiye na mshahara, SACCOS na VICOBA ndiko pa kuanzia, na si kwa sababu ya riba tu. Kikundi cha watu wanaojua korosho kinaweza kukubaliana urejeshe kwa mafungu mawili, Julai baada ya ufuta na Desemba baada ya minada. Omba ratiba ya namna hiyo waziwazi, iingie kwenye mkataba. Ukilazimika kulipa kila mwezi, weka fedha ya miezi minne pembeni tangu siku ya mkopo. Na usisahau Novemba 2018, serikali iliposimamisha ununuzi wa kawaida, ikatangaza kununua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri. Lakini wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi, na wenye nyumba walisubiri nao, na mikopo haikusubiri mtu.

Ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa 2024. Si ya kujengea nyumba yako, na ukiigeuza hivyo utawaingiza wenzako kwenye deni. Lakini kikundi kufyatua na kuchoma tofali za kuuza ni mradi halali, na wanakikundi ndio watakuwa wateja wa karibu.

Niseme kidogo kuhusu kiwanja, kwa sababu hapa ndipo fedha hupotea zote kwa mara moja. Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde kwa asili tunahesabu ukoo upande wa mama. Mwanamume akioa, mara nyingi huhamia kwa wakwe na kujenga kwenye ardhi ya upande wa mke. Kwa nyumba ya kuishi mila ina majibu yake. Kwa nyumba ya kupangisha majibu hayo ni ya kutatanisha: ndoa ikivunjika, kodi ni ya nani? Mume akifariki, wapwa zake wanaweza kufika na madai, na wajomba wa mke nao wakasema ardhi ni yao. Kaeni chini mapema, wajomba wakiwepo, muandike. Kisha fuata utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 upate hati ya hakimiliki ya kimila, ikiwezekana kwa majina ya wanandoa wote wawili. Mabenki mengine bado yanaisitasitia hati hiyo kama dhamana, ila inakulinda kwa ndugu, na ndugu ndio wanaokuja kwanza. Ukinunua kiwanja chenye mikorosho, uliza mikorosho ni ya nani. Kwetu miti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mkopeshaji anayekwambia saini ya mkeo si lazima anakutafutia kesi.

Kuhusu kodi, neno letu hili linatuchanganya kwa sababu la mpangaji na la serikali ni moja. Ile ya serikali kwenye pango, kodi ya zuio, ni asilimia 10, nayo inamwangukia mwenye nyumba. Ofisi ya TRA itakueleza inavyokuhusu wewe mwenye vyumba vinne, nenda kabla hawajaja. Kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, maana yake anayenunua umeme, yaani mpangaji, ndiye anayeilipa kwa niaba yako. Mrudishie au ipunguze kwenye pango. Ni fedha ndogo, lakini ugomvi wake ni mkubwa kuliko yenyewe. Ugomvi mwingine ni wa mita moja kwa vyumba vinne, mmoja ana redio, mwingine ana friji la kuuzia maji baridi. Mita ndogo ya kila chumba inanunuliwa mara moja tu.

Pango la miezi sita mbele ni tamu kulipokea, na wengi wetu tunalidai bila kufikiri. Mwalimu mpya ambaye mshahara wake wa kwanza bado haujaingia hana miezi sita. Ukimpokea kwa mmoja au miwili utampata kabla ya jirani yako, na mtu aliyepokewa vizuri mahali pageni huchelewa kuhama. Kwa mchuuzi wa msimu fanya kinyume: mdai yote mbele, kwa bei ya juu kidogo, maana Januari hutamwona. Yote mawili yaandikwe, mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Mpangaji akishindwa kulipa, usimng'olee bati wala usimfungie mlango na vyombo vyake ndani. Anza baraza la ardhi la kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha, na mara nyingi mtu aliyeitwa mbele ya wazee hulipa kabla ya siku ya kikao.

Sasa, msimu umefika na una milioni 3 zako mwenyewe, hazina deni. Ningekuwa mimi, ningeanza na choo kizuri, chenye sakafu ya kusafishika na mlango unaofungwa kwa ndani, kwa sababu muuguzi anayetafuta chumba huuliza choo kabla ya kuuliza bei. Halafu tangi na mfereji wa maji ya mvua. Halafu vyumba viwili, vimalizike hadi vitasa, msingi wake umenyunyiziwa dawa ya mchwa na ukiwa mrefu wa kutosha kuongezwa viwili vingine. Tofali za hivyo viwili ningekuwa nimezifyatua tangu kiangazi, Agosti, maji ya kisima yakiwa bado karibu, nikazipanga chini ya mwembe na kuzifunika, zingoje minada.